Kero za Sebuleni: Twampambia Nani Nyumba?

Ukitaka kuwasikia akina mama waungwana wakipandishiana sauti, usiwaulize habari za siasa wala bei ya unga. Waulize ni kitu gani wakikiona katika sebule ya mtu huwakera. Sisi tuliuliza hivyo mwezi uliopita, kwanza Voi mjini, kisha katika nyumba kadhaa za Sagalla, za bondeni na za mlimani, tukidhani tutapata majibu mepesi ya kujaza ukurasa. Tulipata mabishano ya mchana kutwa, vicheko vingi, na mara mbili hivi kimya kizito ambacho hatukukitarajia. Mmoja alichukia maua ya plastiki yaliyoshika vumbi hata hayajulikani rangi. Mwingine akasema heri maua hayo kuliko saa ya adhana iliyokwisha betri mwaka juzi na bado yaning'inia ukutani. Wa tatu hakutaka kusikia la mtu: chukizo lake ni makochi yaliyoachwa ndani ya nailoni ya dukani, ambayo mgeni akiyakalia hulia kama mfuko wa mkate, na kwa joto la Voi akitaka kuinuka huwa amekwisha gandana nayo.

Kipendacho roho hula nyama mbichi, nasi hatuandiki makala haya ili kumchagulia mtu rangi ya pazia. Mwenye kupenda zambarau na apake zambarau. Lakini kadiri mazungumzo yalivyoendelea tuliona kwamba kero nyingi walizozitaja dada zetu hazikuwa za uzuri na ubaya. Zilikuwa kero za kazi na za haki: nani afuaye, nani apangusaye, nani anunuaye maji, na nani ndani ya nyumba yake mwenyewe haruhusiwi kuketi. Huku kwetu maswali hayo yana uzito kuliko kwingi, kwa sababu ya mahali penyewe palivyo.

Kwa msomaji wa Mombasa au Lamu asiyepata kufika, Sagalla ni kilima kilicho kusini ya mji wa Voi, kilomita zipatazo 150 kutoka Mombasa kwa njia ya Nairobi. Wasagalla wana lugha yao, Kisagalla, na huko juu kuna baridi ya asubuhi na mashamba ya kijani. Chini yake ni nchi kavu iliyopakana na mbuga ya Tsavo, na ardhi yake ni nyekundu. Tusemapo nyekundu hatutii chumvi. Tembo wa Tsavo wajulikana duniani kote kwa wekundu wao, nao hawakuzaliwa hivyo. Ni vumbi wanalojirushia mgongoni. Ikiwa ardhi hii yaweza kumbadilisha tembo mzima rangi, msomaji na akisie yanayokipata kitambaa cheupe kilichotandikwa karibu na dirisha.

Kisha kuna maji. Bomba la chemchemi za Mzima, ambalo tangu miaka ya 1950 lateremsha maji hadi Mombasa, limepita katika kaunti hii hii ya Taita Taveta, lakini nyumba nyingi za huku bado hununua maji kwa mtungi wa lita 20, au huyasubiri usiku wa manane mferejini. Kwa hiyo katika nyumba ya Voi kila pambo lina bei mbili. Ya kwanza hulipwa dukani mara moja. Ya pili hulipwa kwa mitungi, kila wiki, na anayeilipa ndiye yule yule anayeinama.

Hapo ndipo vita vya vitambaa vilipoanzia. Twazungumzia vile vitambaa vya kroshia vinavyofunika migongo ya makochi, mikono yake, meza ya katikati, vijimeza vya pembeni, televisheni, redio, na tumeona hata kimoja juu ya friji kikiwa na kitambaa kingine juu yake, sijui cha kukikinga nini. Mwenyeji wetu mmoja wa Sagalla ya chini alituhesabia vyake: makochi ya watu saba, vitambaa ishirini na vitatu kwa jumla, vyote vyeupe. Vikifuliwa vyataka maji ya kuroweka, ya kufulia, ya kusuuza mara mbili, kisha wanga, kisha pasi. Mitungi mitatu, alisema, na siku nzima ya Jumamosi. Jumatatu pepo zikivuma kutoka upande wa mbuga, vimekwisha kuwa rangi ya tembo.

Tulimwuliza kwa nini basi haviondoi. Alinyamaza kidogo. Akasema, "Vilifumwa na mama yangu. Macho yalikuwa yamekwisha haribika, akawa afuma kwa kupapasa."

Basi ndugu msomaji, mtu atasema nini hapo? Magazeti ya mapambo ya mijini huvicheka vitambaa hivi na kuviita ushamba. Sisi hatuthubutu. Kroshia ni sanaa ambayo wanawake wetu waliijua vizuri kuliko sanaa nyingi walizofundishwa baadaye, na katika nyumba nyingi ndicho kitu cha pekee kilichobaki chenye alama ya mkono wa mama. Tena vina kazi: huzuia mafuta ya nywele yasiingie katika kochi, jambo ambalo kila aliyewahi kumkaribisha kijana mpaka nywele analifahamu. Kero yetu ni wingi wake na weupe wake. Baada ya mazungumzo marefu mwenyeji wetu yule alichagua vitambaa vitano vya mama yake, vile vizuri zaidi, akavipeleka chumbani kwake mahali ambapo vumbi halifiki upesi. Vile vya makochi atavifuma upya mwenyewe, kwa uzi wa rangi ya matofali. Alipotueleza rangi hiyo sote tulicheka, kwa kuwa ilikuwa imelala mbele yetu sakafuni muda wote.

Kabati la vyombo ni jambo jingine, na hapa tutasema wazi tulivyo. Tunalichukia. Si kabati lenyewe, bali sheria zake. Nyumba nyingi za pwani na za bara zina kabati la vioo sebuleni ambamo mmepangwa sahani za maua, bilauri zenye mistari ya dhahabu, birika na vikombe vyake, navyo vyote havijapata kuguswa na chai. Watu wa nyumba hula katika sahani za plastiki jikoni, na vyombo vizuri hutazamwa kupitia kioo kana kwamba ni vya jumba la makumbusho.

Mtu aweza kutujibu kwamba desturi hii ni ya kale kwetu, na atakuwa amesema kweli. Nyumba za mawe za Lamu, mji ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, zina zidaka: vishubaka vilivyochongwa kwa chokaa safu juu ya safu katika ukuta wa chumba cha ndani, na humo wenye nyumba walipanga vyombo vya kaure vilivyoletwa na majahazi. Waswahili walivithamini vyombo hivyo hata wakavipachika makaburini. Nguzo ya kaburi kule Mambrui ilipambwa kwa mabakuli ya Kichina. Kwa hiyo kupenda kutazama sahani nzuri hatukufundishwa na mtu wa duka la samani. Lakini tazameni tofauti. Zidaka hazina mlango wala kufuli. Zilijengwa katika vyumba vya ndani, walimolala na kukaa wenyewe wenye nyumba, wala hazikuwekwa barazani ili mpita njia azione. Uzuri ulikuwa karibu na watu wa nyumbani. Kabati la siku hizi limeugeuza uso: limesimama mahali pa wageni, na funguo zake ziko chini ya godoro la mama.

Kimya cha kwanza tulichokitaja kiliangukia hapa. Dada mmoja wa Voi alitueleza habari za marehemu mama yake. Alipoolewa alitunzwa vikombe kumi na viwili vya kaure, vyenye ukingo wa dhahabu. Vilikaa kabatini maisha yake yote, akivitoa mara mbili kwa mwaka, kabla ya kila Idi, kuvipangusa na kuvirudisha. "Alituambia ni vya wageni," alisema. "Na ajabu ni kwamba wageni nao hawakuvipata. Kila aliyekuja alionekana wa kawaida mno." Mama alipofariki, watu walijaa nyumbani na vikombe vya jikoni vikapungua. Mtu mmoja, hajui nani, akafungua kabati. Waliokuja kumzika ndio waliokunywa kahawa katika vikombe vyake.

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Kisha mwenyewe akaendelea kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba vikombe vile sasa viko jikoni kwake na watoto wanavinywea uji. Vitatu vimevunjika. Tisa vipo.

Kero inayofuata ni ndugu wa hiyo, nayo ni sebule iliyokatazwa. Tumeingia katika nyumba zenye vyumba vitatu ambapo kimoja, tena kikubwa na chenye madirisha mazuri, hukaa kimefungwa wiki nzima, mapazia yameshushwa, na familia ya watu sita hujibana katika kiukumbi cha nyuma karibu na jiko. Mtoto akitia mguu sebuleni husikia jina lake likiitwa kutoka uani. Twajua sababu: mgeni ni baraka, na mama hataki kuaibika mgeni akifika ghafula. Lakini mgeni wa namna hiyo hufika mara ngapi kwa mwezi? Na watoto wako pale kila siku. Mtoto aliyekuzwa na kuambiwa kwamba mahali pazuri pa nyumbani kwao si pake, hatushangai akijifunza kukaa nje.

Aghalabu sakafu ya sebule hiyo imetandikwa zulia la manyoya marefu, la rangi ya maziwa. Zulia hili latoka Mombasa kwa lori au kwa basi, na liliposhonwa hakuna aliyeifikiria Voi. Vumbi jekundu huingia ndani ya manyoya na halitoki kwa ufagio. Hupandishwa tu hewani na kushuka tena. Mwenye pumu hulijua zulia hilo kabla ya kulikanyaga. Tulikutana na mama ambaye mwanawe alikuwa akikohoa kila usiku, na daktari aliposikia habari za zulia alimwambia alitoe chumbani kwanza, kabla ya dawa. Alilitoa. Mahali pake ametandika mkeka wa ukindu, ambao hukung'utwa uani asubuhi kwa dakika moja na hauna pa kufichia vumbi. Twasema kwa upendeleo wetu ulio wazi kwamba hatuoni sakafu iliyo nzuri kuliko ile ya saruji nyekundu iliyosuguliwa ikang'aa, na juu yake mkeka wenye rangi. Pia watu waweza kuswali popote waliposimama.

Hapa yatupasa kuwatetea wenzetu wa Sagalla ya chini dhidi ya ndugu zao wa mjini. Wageni kutoka Mombasa hufika, wakaona gunia la mahindi limeegemezwa sebuleni kando ya kochi, wakarudi kusema kwamba watu wa huko hawana mpango. Jamani, wenyeji wa vijiji hivyo wanaishi na tembo. Shamba lisipozungushiwa ua wa mizinga, ile mizinga ya nyuki inayotundikwa kwa waya kati ya nguzo na nguzo ili tembo akiitikisa nyuki watoke, mavuno yaweza kuliwa usiku mmoja, na wakati wa ukame tembo huvunja hata matangi ya maji. Mavuno yaliyopona huingizwa ndani. Gunia lile ndilo pambo la thamani kuliko yote yaliyomo katika chumba, na mwenye nyumba hana haja ya kuliombea radhi.

Waume nao wana mambo yao, hatutawasahau. Televisheni ya upana wa mlango katika chumba cha hatua nne, nyaya zake zikining'inia kama mizizi ya mkoko, ni kero iliyotajwa na karibu kila tuliyemwuliza, na kila aliyeitaja alipunguza sauti. Dari za jipsamu zenye ngazi ngazi na taa za buluu na kijani zilipata watetezi wawili. Sisi twakubali kwamba chini ya mabati ya Voi dari ni rehema, maana joto la saa nane mchana halina mzaha. Ila dari bapa iliyopakwa chokaa hufanya kazi ile ile. Wajenzi wa zamani wa pwani walikata boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haikuzidi mita tatu hivi, upana wa vyumba ukafuata mti. Hakuna aliyeona haya kwamba chumba chake ni chembamba. Siku hizi mtu huona kitu katika simu, akakopa, akakiingiza nyumbani kwa nguvu. Kuhusu kukopa tutasema mara moja tu: seti ya makochi iliyonunuliwa kwa fedha za chama zilizokusudiwa karo haikaliki, hata ikiwa laini namna gani.

Kuhusu picha palizuka ubishi mkubwa, kama ilivyotarajiwa. Njia ya Mombasa imejaa vinyago vya mbao vya tembo na twiga, na wageni huvileta nyumbani kama zawadi; mwenye nyumba hajui avitupe, avifiche au avipe watoto. Habari za picha za kamera masheikh wamekwisha zijadili na wametofautiana, nasi si mahali petu kuamua. Tulikumbushana tu habari iliyomo katika Bukhari na Muslim ya pazia la Bibi Aisha, Mungu amridhie, lililokuwa na picha. Mtume, rehema na amani zimshukie, hakupendezwa nalo likiwa limetundikwa, likaondolewa. Naye Bibi Aisha akalikata akalifanya mito ya kuegemea. Wengi huisimulia habari hiyo na kuishia kwenye katazo. Sisi, kwa kuwa ni watu wa nyumba, jicho letu hutua kwenye mito. Kitambaa hakikutupwa. Mwanamke mwenye mkono wa kazi alikitafutia mahali pengine, na chumba kikaendelea kuwa na kitu kizuri.

Na kwa upande mwingine, maandishi ya aya. Hakuna aliyesema ni vibaya kuyaweka ukutani. Lakini dada zetu walichukizwa kuyaona yametundikwa upande upande, kioo kimepasuka, nyuma ya televisheni inayoonyesha mambo tusiyoweza kuyataja hapa. Ukiweka, weka juu, nyoosha, pangusa.

Tulikiacha kiondo mwisho kwa sababu ndicho kilicholeta kimya cha pili.

Wanawake wa Sagalla na wa Taita yote husuka vikapu vya mkonge kwa ustadi ambao hauhitaji sifa zetu. Jani la mkonge huparuliwa hata libaki uzi mweupe. Uzi hukaushwa, ukasokotwa pajani kwa kiganja hata ngozi ikawa ngumu, ukatiwa rangi, na ndipo kazi ya kusuka ianzapo kutoka kitako kwenda juu, mzunguko kwa mzunguko, wiki kadhaa, kati ya kupika na kuchota maji. Mkonge wenyewe ulikuwa mgeni. Uliletwa Tanganyika mwaka 1893, ukaenea hata huku Voi na Mwatate ambako mashamba yake makubwa yapo hadi leo. Kabla yake bibi zetu walitumia nyuzi za magome ya miti. Mmea wa ng'ambo ulifika, wakautazama, wakaona wafaa, wakaufanya wao. Hilo nalo ni uchaguzi wa mapambo, na ulifanywa vizuri.

Viondo hivi husafirishwa Ulaya na Marekani, na huko hutundikwa katika kuta za sebule, vingine vikishikilia maua, watu wakivisifu. Huku kwetu viko nyuma ya mlango wa jikoni na ndani mna vitunguu. Sebuleni tumeweka kikapu cha plastiki kilichotengenezwa kikafanana na kiondo. Hatukubuni. Tumekiona, katika nyumba ya msukaji mwenyewe.

Sasa mkaza mwana mmoja, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa katika jamaa ya Kisagalla na kukaa Voi, alichukua viondo vitatu alivyopewa na mama mkwe wake, akavitundika ukutani juu ya kochi, kimoja kikubwa na viwili vidogo. Ukuta mweupe, viondo vya kahawia na nyeusi. Hakuweka kitu kingine. Alikuwa na furaha na alidhani mama atafurahi.

Mama alipofika alisimama mlangoni hata salamu zikachelewa. Kisha akauliza, "Mwanangu, mmekosa pesa ya kununua picha?"

"La, mama. Nimevipenda."

"Kiondo ni cha kubebea mahindi. Mimi nilikusukia ubebee. Umekitundika kama kitu cha mtu aliyekufa."

Mkaza mwana alitueleza haya mama mkwe akiwapo, na wote wawili walitazama chini, maana walikaa miezi mingi bila kuyazungumza. Tulipomwuliza mama alichokiona siku ile, hakukasirika. Alisema kwamba alipokuwa msichana, kwenda mjini na kiondo ilikuwa ni kuchekwa. Wenye mikoba ya ngozi waliwatazama wao kama watu waliotoka porini. Alipoona kiondo chake ukutani, mbele ya wageni wa mwanawe, jambo la kwanza lililomjia ni kwamba anachekwa tena, mara hii ndani ya nyumba ya mwanawe. Kwamba mtu aweza kukiweka pale kwa sababu ni kizuri, halikumpitia kabisa.

Hatukujua la kusema. Tukanywa chai.

Ni mkaza mwana aliyeinuka, akashusha kile kikubwa, akamwuliza mama amwonyeshe pale kitakoni jinsi mzunguko wa kwanza unavyofungwa, kwa kuwa amejaribu mara nyingi na huachia. Mama alikichukua, akakigeuza, akakosoa kazi yake mwenyewe kwa muda mrefu: hapa uzi ulikuwa mnene, hapa rangi haikukolea. Kilipokwisha kukosolewa alikirudisha ukutani mwenyewe, lakini akakishusha kiasi cha shibiri moja, akisema kwamba kilikuwa juu mno na mtu mfupi hawezi kuona kazi.

Kwa wale watakaotaka kufanya kama huyu binti, mama mkwe wake ametupa maelekezo ambayo twayapitisha kama yalivyo. Kiondo kisitundikwe mahali pa jua la mchana, maana rangi hupauka. Vumbi huondolewa kwa brashi kavu ya nguo, kutoka juu kwenda chini, kufuata mistari ya usukaji. Kisifuliwe kwa sabuni ya unga. Kikiloa, kijazwe nguo kuukuu ndani ili kisipoteze umbo, kikaushwe kivulini. Na kila baada ya miezi michache kishushwe, kitumiwe kwenda nacho sokoni walau mara moja, kwa kuwa mkonge usiposhikwa hukakamaa.